Shajara ya mradi: chati ya vipokezi vya saitokini

Jumatatu: kigezo cha kupanga

Leo tumefunga mjadala wa kigezo. Chati yetu ya ukutani, ile ya wanafunzi wa biolojia na udaktari wanaosoma mfumo wa kinga, haitapanga saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli hutumia kupeana ishara, kwa majina yake. Itapanga vipokezi, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazozishika saitokini hizo, tena kwa umbo.

Sababu ni kwamba majina ya saitokini yanasimulia historia ya ugunduzi na hayasemi lolote kuhusu undugu. Neno interlukini, kwa kifupi IL, lilipendekezwa mwaka 1979 katika mkutano wa wataalamu huko Ermatingen, Uswisi, na tangu hapo namba zimekuwa zikitolewa kadiri protini mpya zinavyojitokeza. Matokeo yake, mwanafunzi anakariri orodha ndefu ya IL hii na IL ile huku wanaokaa jirani katika orodha wakiwa hawana uhusiano wowote. IL-1 hupokelewa na kipokezi chenye vipande vya imunoglobulini. IL-2 hupokelewa na kipokezi cha daraja la kwanza, ukoo wa vipokezi tutakaoanza nao kesho. IL-8 ni kemokini, yaani saitokini inayoita seli zisogee, na kipokezi chake hupenya utando wa seli mara 7. IL-10 iko karibu na interferoni, saitokini za kupambana na virusi. IL-17 ina ukoo wake peke yake, na IL-34 hutumia kipokezi ambacho chenyewe ni kimeng'enya.

Mfano ulionishawishi zaidi ni vile vichocheo vitatu vya seli za uboho, yaani G-CSF, GM-CSF na M-CSF. Kwa jina ni ndugu wa tumbo moja. Kwa vipokezi, G-CSF na GM-CSF zimo daraja la kwanza, ila katika matawi tofauti, na M-CSF imehamia kabisa upande wa vimeng'enya vya tirosini, yaani vipokezi vinavyoweka fosfeti kwenye asidi amino ya tirosini. Mtu akilijua hilo, ameshajua nusu ya kinachotokea ndani ya seli. Ndiyo maana nalishikilia sana suala hili la umbo: hatupangi ili chati ipendeze, tunapanga ili anayeitazama aweze kubashiri kazi ya kipokezi kabla hajasoma maelezo.

Jumanne: daraja la kwanza, sehemu ya nje

Tumeanza na daraja la kwanza kwa kuwa ndilo lenye wanachama wengi na ndilo lililochunguzwa kwa kina zaidi. Si la kinga pekee. Humo mna homoni ya ukuaji, prolaktini na erithropoietini, na tumekubaliana zibaki kwenye chati, maana bila hizo historia ya ukoo huu haieleweki.

Alama ya ukoo ni eneo la asidi amino takriban 200 lililo nje ya seli. Limegawanyika vipande viwili vya takriban 100 kila kimoja, na kila kipande ni nyuzi 7 za beta zilizokunjwa kwa mtindo wa vipande vya aina ya tatu vya fibronektini, protini ya nje ya seli. Vipande hivyo viwili hukutana kwa pembe, kama kiwiko cha mkono uliokunjwa, na saitokini hujishika palepale kwenye kona. Kipande cha juu kina sisteini 4 zinazofunga madaraja mawili ya salfa. Kipande cha chini, karibu na utando, kina mfuatano maarufu wa herufi tano: W-S-X-W-S, yaani triptofani, serini, asidi amino yoyote, triptofani, serini.

Kinachonivutia ni kwamba mpango huu ulitabiriwa kabla haujaonekana. Mwaka 1990 Fernando Bazan alilinganisha mifuatano ya vipokezi hivi, akaeleza jinsi vinavyopaswa kukunjwa na mahali saitokini inapopaswa kukaa. Mwaka 1992 de Vos, Ultsch na Kossiakoff wakachapisha umbo la homoni ya ukuaji ikiwa imeshikwa na kipokezi chake, na vipande viwili vya fibronektini vikaonekana pale pale vilipotabiriwa. Muundo huo ulionyesha na jambo jingine: molekuli moja ya homoni imeshikwa na vipokezi viwili vinavyofanana kabisa. Homoni yenyewe haina pande mbili zinazofanana. Vipokezi vyote viwili vinatumia uso uleule kushika nyuso mbili tofauti za homoni. Huu ndio mchoro utakaokaa juu kabisa ya chati, mkubwa kuliko mingine yote.

Mchoraji wetu aliuliza kama tuchore vipokezi vikiwa mbalimbali, kisha homoni ije ivikutanishe. Nimemwomba asichore hivyo. Mwaka 1999 muundo wa kipokezi cha erithropoietini kisicho na homoni ulionyesha kuwa vipokezi vinaweza kukaa viwili viwili hata kabla ya homoni kufika, ila sehemu zake za chini zikiwa zimetengana kwa zaidi ya angstromu 70 (angstromu 10 ni nanomita moja). Kwa hiyo kukutana peke yake hakutoshi, inabidi mkao nao uwe sahihi. Tutachora hali mbili: jozi iliyotanuka, na jozi iliyobanwa na homoni.

Jumatano: kuutafuta mfuatano wa W-S-X-W-S

Nimeandika programu fupi inayopitia mifuatano ya protini za binadamu na kutoa kila mahali penye W-S-X-W-S. Nilitaka kuona herufi hizi tano zinabeba uzito gani zikiachwa peke yake.

Wengi walijitokeza kama ilivyotarajiwa. Kipokezi cha erithropoietini kina WSAWS. Mnyororo wa beta wa IL-2 una WSPWS. gp130, mnyororo wa kipokezi cha IL-6, ina WSDWS. Mnyororo wa gama wa kipokezi cha IL-2, kipokezi cha alfa cha IL-6 na vile vya alfa vya IL-4 na IL-7 vyote vina WSEWS. Ukiiona orodha hiyo kwenye skrini, herufi za katikati zikibadilika na zile nne zikibaki vilevile, unaelewa kwa nini watafiti waliushika mfuatano huu mapema.

Kisha kuna walioko nje ya mstari, na hao ndio walionipa kazi ya siku nzima. Kipokezi cha homoni ya ukuaji, ambacho umbo lake ndilo kielelezo cha ukoo mzima, hakina mfuatano huo. Mahali pake pana YGEFS. Umbo limebaki, herufi zimebadilika. Kwa upande wa pili, programu ilileta thrombospondini, protini ambayo si kipokezi cha saitokini kabisa. Vipande vyake vinavyojirudia vimejaa triptofani zilizopangana kwa nafasi zinazofanana, na W-S-X-W-S inapatikana humo bila taabu.

Wa tatu ndiye ninayempenda zaidi: p40, nusu ya saitokini IL-12. Mwishoni mwa mfuatano wake pana WSEWA. Herufi moja tu imepotea, na hilo si jambo la bahati nasibu, kwa sababu p40 imejengwa kama kipokezi cha alfa cha IL-6. Mwenzake p35 ndiye mwenye nyuzi nne za helisi, umbo la kawaida la saitokini za daraja hili. Kwa hiyo IL-12 husafiri ikiwa tayari imefungamana na kitu chenye umbo la kipokezi, na wawili hao wamefungwa kwa daraja la salfa. IL-23 hufanya vivyo hivyo, ikitumia p40 ileile pamoja na p19. Tumeamua p40 ipewe kisanduku chake chenye rangi mbili, nusu ya saitokini na nusu ya kipokezi.

Uamuzi wa leo: hakuna atakayeingizwa daraja la kwanza kwa herufi hizi tano pekee. Lazima pawe na vipande viwili vya fibronektini, na sisteini 4 za kipande cha juu. W-S-X-W-S inabaki kuwa ushahidi wa ziada.

Ijumaa: minyororo ya pamoja

Ukurasa wa leo ni mrefu, na naona una haki ya kuwa mrefu. Hapa ndipo chati inapoacha kuwa orodha.

Kipokezi kamili huundwa na protini mbili au zaidi, ziitwazo minyororo. Vipokezi vya homoni ya ukuaji na erithropoietini hutumia minyororo miwili ya aina moja. Saitokini nyingi za kinga hazifanyi hivyo. Zinachukua mnyororo mmoja ulio maalumu kwa ajili yake, na mwingine unaotumiwa na saitokini kadhaa. Minyororo ya pamoja katika daraja la kwanza ni mitatu ya kukumbukwa. Beta ya pamoja hutumikia IL-3, IL-5 na GM-CSF. gp130 hutumikia IL-6, IL-11, IL-27, LIF, onkostatini M na wengine. Gama ya pamoja hutumikia IL-2, IL-4, IL-7, IL-9, IL-15 na IL-21.

Ya gama nimeiandikia maelezo marefu kuliko nafasi iliyopo, na bado sijui nitapunguza wapi. Jeni yake, IL2RG, iko kwenye kromosomu X. Mwaka 1993 ilithibitishwa kuwa kuharibika kwa jeni hiyo ndiko kunakosababisha upungufu mkali wa kinga unaorithiwa kupitia kromosomu X, hali inayowapata wavulana wachanga. Kati ya chembe nyeupe za kinga, hawana seli T wala seli NK, zile zinazoua seli zilizoambukizwa. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, wanazo, ila hazifanyi kazi ipasavyo. Wakati huo mnyororo huu ulijulikana kama sehemu ya kipokezi cha IL-2 tu, na hapo palikuwa na kitendawili: panya na watu wasio na IL-2 wana seli T. Itakuwaje kukosa sehemu ya kipokezi kuwe kubaya kuliko kukosa saitokini yenyewe? Jibu ni kwamba mnyororo ule haukuwa wa IL-2 peke yake. Pengo la seli T linatokana hasa na kupotea kwa IL-7. Pengo la seli NK linatokana na IL-15. Udhaifu wa seli B unahusiana na IL-4 na IL-21. Ushahidi unajikamilisha kwa watoto wenye hitilafu kwenye alfa ya kipokezi cha IL-7: hao hawana seli T lakini seli NK wanazo. Na walio na hitilafu ya JAK3, kimeng'enya kinachokaa kwenye mkia wa gama, wana picha ileile ya wale waliokosa gama, isipokuwa kwao wasichana nao huugua, kwa kuwa jeni hiyo haiko kwenye kromosomu X.

Hapo ndipo nilipomwambia mwenzangu anayepanga safu za chati, "Dada, naomba mishale ya gama iwe minene. Hiyo ndiyo inayoeleza ugonjwa." Naye akajibu, "Sawa kaka, lakini ukinipa mishale minene sita, alfa ya IL-2 nitaiweka wapi?"

Swali lake lilikuwa la msingi. Mnyororo wa alfa wa kipokezi cha IL-2, uitwao pia CD25, si wa daraja la kwanza. Nje umejengwa kwa vipande viwili vya aina iitwayo sushi, na mkia wake wa ndani ni mfupi mno, takriban asidi amino 13, hauwezi kubeba ishara yoyote. Jamaa yake wa karibu ni alfa ya IL-15, yenye kipande kimoja cha sushi. Kazi ya alfa ni kuongeza nguvu ya kushika. Ikiwa peke yake hushika IL-2 kwa ulegevu: inahitajika takriban nanomola 10 ndipo nusu ya vipokezi vijae. Beta na gama pamoja huhitaji takriban nanomola 1. Minyororo yote mitatu ikikaa pamoja, takriban pikomola 10 zinatosha (pikomola ni sehemu ya elfu moja ya nanomola), mara 1,000 chini ya alfa pekee. Ndiyo maana seli T zinazodhibiti kinga, ambazo hubeba CD25 kwa wingi muda wote, huweza kunasa IL-2 hata inapokuwa haba, na seli nyingine zikasubiri hadi zichochewe.

Tumekubaliana alfa hizi mbili zichorwe ndani ya mchoro wa daraja la kwanza, lakini kwa rangi ya kijivu, na neno sushi liandikwe juu yake.

Jambo moja la tiba limeingia kwenye safu ya pembeni: dawa zinafuata mgawanyo huu. Dupilumab huzuia alfa ya IL-4, na kwa sababu IL-13 nayo hupitia alfa hiyohiyo, dawa moja inazima saitokini mbili. Ustekinumab hushika p40, kwa hiyo IL-12 na IL-23 zinazimika kwa pamoja. Tocilizumab huzuia kipokezi cha alfa cha IL-6 na kuiacha gp130, na hilo ni la muhimu, kwa kuwa gp130 ina wateja wengine wengi.

Jumamosi: mikia

Kazi fupi. Vipokezi vya daraja la kwanza na la pili havina uwezo wa kimeng'enya. Karibu na utando, upande wa ndani, pana eneo lenye prolini liitwalo Boksi 1, ambapo kimeng'enya cha JAK hujishikiza. JAK ziko 4: JAK1, JAK2, JAK3 na TYK2. Vipokezi vikibanwa mkao sahihi, JAK huwashana, huweka fosfeti kwenye tirosini za mkia, na protini za STAT, zinazobeba ishara, huja kukaa hapo kabla ya kwenda kwenye kiini cha seli. STAT ziko 7. Gama hubeba JAK3, beta ya IL-2 hubeba JAK1, erithropoietini hutumia JAK2 pande zote mbili. Hii tumeiweka kama ukanda mmoja chini ya madaraja yote mawili, ili isirudiwerudiwe.

Jumatatu iliyofuata: daraja la pili

Hili ni la interferoni na jamaa za IL-10. Vipande vya fibronektini vipo, sisteini zipo lakini zimepangwa tofauti, na W-S-X-W-S haipo. IFNAR1, mmoja wa minyororo ya interferoni aina ya kwanza, una vipande 4 badala ya viwili. Ushirikiano upo huku pia: beta ya kipokezi cha IL-10 hutumiwa na IL-10, IL-22, IL-26 na interferoni za lamda.

Kuna habari ya kromosomu ambayo siwezi kuiacha. Jeni za IFNAR1, IFNAR2, beta ya kipokezi cha IL-10 na IFNGR2 (mnyororo wa kipokezi cha interferoni ya gama) zimekaa pamoja kwenye kromosomu 21. Watu wenye ugonjwa wa Down wana nakala tatu za kromosomu hiyo, na seli zao huitikia interferoni kwa nguvu kuliko kawaida. Ramani ya jeni nne imeeleza jambo linaloonekana kliniki.

Halafu kuna kisababishi cha tishu, ile protini inayoanzisha kuganda kwa damu kwa kushika fakta ya VIIa, protini nyingine ya kugandisha damu. Kwa umbo ni ya daraja la pili bila ubishi. Kwa kazi haina saitokini inayoipokea. Kwa kuwa tuliapa kufuata umbo, imeingia, na nitaitetea mbele ya yeyote atakayeipinga.

Jumatano: koo zilizobaki

Ukoo wa vipokezi vya TNF, saitokini ya uvimbe wa kinga, nimeufurahia. Nje kuna vipande vyenye sisteini nyingi, takriban asidi amino 40 kila kimoja, na kwa kawaida sisteini 6 zinazofunga madaraja matatu. TNFR1, kipokezi cha kwanza cha TNF, ina vipande 4. Saitokini zenyewe huja zikiwa tatu zilizoungana, na vipokezi hukaa kwenye mifereji iliyo kati yao. Hili lilionekana mwaka 1993 katika muundo wa TNFR1 ikiwa imeshika limfotoksini, jamaa ya TNF. Ndani, wengine kama TNFR1 na Fas wana kipande cha kifo, kinachoweza kuipeleka seli kwenye kujiua. Wengine kama TNFR2 na CD40 hawana, wao huita protini za TRAF, zinazopeleka ishara ndani ya seli. Madaraja ya salfa hapa si pambo: mabadiliko ya jeni ya TNFR1, mengi yakigusa sisteini hizo, husababisha ugonjwa wa homa za kurudiarudia uitwao TRAPS.

Ukoo wa IL-1 una vipande 3 vya imunoglobulini nje na kipande cha TIR ndani. TIR hiyohiyo imo kwenye vipokezi vya Toll vinavyotambua vimelea, kwa hiyo homa ya IL-1 na homa ya bakteria hupita kwa protini moja ya ndani, MyD88. Aina ya pili ya kipokezi cha IL-1 haina TIR. Hunasa IL-1 na kuishikilia bila kutoa ishara, kazi yake ikiwa ni kuipunguza.

IL-17 ina vipokezi 5, vyenye kipande cha ndani kiitwacho SEFIR kinachoita protini ya Act1. Kemokini zina vipokezi vinavyopenya utando mara 7 na kutumia protini za G. CCR5 na CXCR4 tumeziwekea alama ya VVU, kwa sababu virusi huzitumia kuingia kwenye seli. TGF-β ina vipokezi vya aina ya I, ambavyo ni 7, na vya aina ya II, ambavyo ni 5. Hivi huweka fosfeti kwenye serini na threonini, na ishara hubebwa na protini za SMAD. M-CSF, IL-34 na kichocheo cha seli shina wamekaa na vimeng'enya vya tirosini vyenye vipande 5 vya imunoglobulini.

Ijumaa: mishale inayovuka

Kabla ya kupeleka rasimu kwa mchapaji, kumebaki swali moja lililohitaji uamuzi. Watu waliorithi hitilafu ya IFNGR1, mnyororo wa kipokezi cha interferoni ya gama ulio daraja la pili, hushambuliwa vibaya na bakteria wa jamii ya kifua kikuu ambao kwa wengine ni dhaifu, hata wale wa chanjo ya BCG. Waliorithi hitilafu ya beta 1 ya kipokezi cha IL-12, iliyo daraja la kwanza, hupata tatizo la aina ileile. Umbo haliwaunganishi. Kinachowaunganisha ni kwamba IL-12 huzifanya seli T na NK zitoe interferoni ya gama, na interferoni hiyo ndiyo inayozipa makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, nguvu ya kuua bakteria waliomo ndani yake.

Tumeongeza mishale ya rangi ya chungwa inayovuka kutoka daraja moja hadi jingine, kwa ajili ya saitokini zinazoamrisha utolewaji wa nyingine. Mshale wa kwanza ni huo wa IL-12. Mchoraji ameomba isizidi mitano ili mistari isifunike maumbo, na nimekubali. Mipangilio ya safu ya dawa bado haijakamilika, na mchoro wa kipokezi cha IL-6 utachorwa upya: pale minyororo ni sita kwa jumla, IL-6 mbili, alfa mbili na gp130 mbili, na kwenye rasimu ya sasa gp130 moja imefichwa nyuma ya nyingine.